Mwalimu Aliyetutoa Uani

Mwalimu wetu wa Biashara hakuwahi kufanya biashara ikasimama. Silisemi hili kwa kumsengenya. Mwenyewe alitusimulia darasani, tena kwa kicheko, mgongo ameupa ubao na mikono ameitia mifukoni, kama mtu anayekumbuka utundu wa utotoni. Kulikuwa na kuku wa kisasa aliowafuga nyuma ya nyumba aliyopanga Frere Town, wakafa wote kwa joto la Machi katika muda wa siku tatu. Kulikuwa na friji ya kugandishia barafu za kuuza, ikaungua siku umeme ulipokatika ukarudi kwa kishindo. Kulikuwa na taipureta aliyomnunulia mkewe ili awe akiwachapia watu barua kwa malipo, na mkewe akachapa barua moja tu, yake mwenyewe, ya kuombea kazi katika ofisi moja mjini, na kazi akaipata. Hapo darasa zima lilikuwa likivunjika mbavu, naye akicheka nasi mpaka anavua miwani kufuta machozi.

"Hiyo ni ada ya kujifunza," alikuwa akisema. "Kila mfanyabiashara huilipa."

Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilimwamini. Kilichonipita wakati ule, na kilikuwa wazi kama jua la saa saba, ni kwamba kuku wafe wasife, mshahara wake ulikuwa ukiingia kila mwisho wa mwezi. Aliweza kulipa ada hiyo mara mia na jioni akala wali wake. Wengine wetu tuliilipa mara moja tu.

Ilikuwa shule ya kutwa, Likoni, miaka ile ya mwisho ya themanini, mfumo mpya wa elimu ulipokuwa umeingia na kila mtoto anaambiwa kwamba kazi za serikali zimekwisha, basi kila mmoja ajitegemee. Masomo ya mikono yakaletwa. Wavulana walipewa mbao zisizokuwa na misumari, na kilimo tukafundishwa kwenye kiwanja cha mchanga. Biashara tukaletewa yeye.

Alivuka feri kila asubuhi na kufika kabla ya mpiga kengele. Shati jeupe la mikono mifupi, kalamu tatu mfukoni, nyekundu, buluu na ya kijani ambayo hakuna aliyewahi kuiona ikiandika. Mkoba wake wa ngozi ya kahawia tuliuogopa sana, tukidhani umejaa siri za matajiri, mpaka siku ulipomfunguka uwanjani tukaona ndani mna chaki, taulo la kufutia jasho, na mkate wa siagi uliofungwa kwenye karatasi. Mkate huo alikuwa akiula kwa siri, amesimama nyuma ya stoo, kwa sababu aliamini mwalimu hafai kuonekana na wanafunzi akitafuna.

Sote alituita Mkurugenzi. "Mkurugenzi, funga kifungo cha shati." "Mkurugenzi amechelewa tena, kampuni itasimama." Hata mwenzetu mmoja aliyekuwa akisinzia tangu asubuhi mpaka kengele ya mwisho, aliamshwa kwa heshima hiyo hiyo. Tulicheka, lakini neno likatuingia. Mtoto wa mvuvi na mtoto wa kuli wa bandarini wakawa wanatembea vifua mbele, nami nikiwa miongoni mwao.

Alifundisha kwa Kiingereza kama sheria ilivyotaka, lakini akifika kwenye jambo linalomchoma moyo alirudi kwenye Kiswahili, Kiswahili kizuri cha kunyooka, na hapo ndipo tuliposikiliza. Walimu wengine waliwaona wasichana wa shule ile kama abiria wanaosubiri gari la ndoa, wakishuka kidato cha pili au cha tatu, hakuna aliyeshangaa. Yeye alituhamisha tukakaa mbele. Siku moja aliuliza kila mtu anataka kuwa nani. Nikasema nataka kuwa muuguzi.

"Muuguzi huajiriwa," aliniambia. "Wewe utaajiri."

Nilirudi nyumbani na maneno yale kichwani kama ndoo ya maji, natembea polepole yasimwagike. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia jambo kubwa namna ile. Ndiyo maana hasira yangu juu yake haikuwa hasira nyepesi. Nisingalimpenda, ningalishamsahau.

Alikuwa na huruma pia, nami sitamnyima haki yake. Alifundisha namna ya kupatana bei, hatua kwa hatua, akachora na mishale ubaoni: anza chini, ondoka, uitwe, rudi. Kisha nikamwona sokoni akinunua mchicha kwa bei ya kwanza aliyotajiwa, na juu yake akashukuru. Wauzaji walimjua. "Mwalimu huyo yuwaja," walikuwa wakinong'onezana, na bei ikapanda kabla hajafika. Kesho yake nikamtania, "Mwalimu, jana hukuondoka ukaitwa." Akaona haya. "Yule mama ana watoto," akasema.

Neno hilo limenikaa rohoni miaka yote. Aliwaona watoto wa muuza mchicha kwa kuwa muuza mchicha alikuwa amekaa mbele yake, juani. Ambaye hakukaa mbele yake hakumwona, na hapo ndipo palipokuwa na kasoro yake kubwa, ambayo yeye mwenyewe aliifanya kuwa somo.

Somo lenyewe liliitwa Eneo. Alilipenda kuliko masomo yote. Alituandikisha kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa herufi kubwa, maneno yake mwenyewe: Bidhaa isiyoonekana haipo. Kisha, ili tuyaone kwa macho, asubuhi moja saa mbili na nusu akatutoa darasani, wanafunzi thelathini na daftari mikononi, tukapite mitaa ya Likoni kuhesabu biashara. Barabara kubwa tulihesabu vibanda, kinyozi, fundi baiskeli. Kisha tukaingia mitaa ya ndani, na mmoja wa mitaa hiyo ulikuwa wetu.

Alisimama mwanzo wa njia yetu, kiganja usoni kuzuia jua, akatazama nyumba zilizofungwa milango. Hapakuwa na mtu isipokuwa paka.

"Andikeni sifuri," akasema. "Mtaa mzima, sifuri. Watu wamelala."

Wakati huo, nyuma ya ukuta niliokuwa nikiutazama, wanawake si chini ya kumi walikuwa wamekaa kwenye mikeka ya mama yangu. Nilikuwa nasikia harufu ya tui. Nami nikainamisha kichwa nikaandika sifuri.

Lazima niseme hapa uani kwetu kulikuwaje, maana yeye hakupaona, na mwanamume yeyote asingepaona. Baba alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Eda ilipokwisha, Mama alitandika mikeka uani, akabandika kikaango juu ya jiko la makaa, akaanza kupika vibibi vya kuuza. Vibibi vyake vilikuwa vya unga wa mchele aliousaga mwenyewe, na tui zito la kumiminia juu. Hakuweka kibao wala hakumwambia mtu. Wanawake walijua. Walipita kichochoroni, wakapiga hodi mlango wa nyuma, wakaingia, wakavua mabuibui wakayatundika kwenye kamba ya nguo, wakakaa. Vibibi vilikuwa tayari, lakini hakuna aliyekuwa na haraka. Huyu alikuwa na binti wa kuposwa, yule kaleta kanga mpya zitazamwe, na mwengine alikuja kulia kwa sababu ya mume, akanyamazishwa. Jua likipanda, kila mmoja alijitwika sahani yake iliyofunikwa akaenda zake. Waume zao walikula vibibi hivyo kila siku na sidhani walijua vyatoka nyumba gani. Kwa vibibi hivyo Mama alininunulia sare, akanilipia shule, na hakumwendea mtu yeyote kuomba.

Wiki ile ile ya sifuri, Mwalimu akatupa mradi wa muhula. Kila mmoja achague biashara ya jamaa yake, aiboreshe, aandike ripoti. Nikanyoosha mkono.

"Mama yangu auza vibibi."

"Wapi?"

"Uani kwetu."

Wachache waliotoka bara walicheka. Mwalimu hakucheka. Alikuja mpaka kwenye dawati langu, akainama, akasema kwa sauti ya chini kama anayenipa siri, "Mama yako ni mfanyabiashara mkubwa aliyefichika. Mtoe."

Mama alikuwa akichekecha unga nilipomwambia.

"Barabarani?" akauliza. "Mimi, mwanangu?"

"Mwalimu asema hao wateja wako ni wale wale kila siku. Kule njia ya feri wapita watu maelfu."

"Hao maelfu wanijua?"

"Wataka vibibi, Mama. Hawataki kukujua."

Akacheka. Alikuwa na kicheko cha pole, cha mtu anayemhurumia anayezungumza naye. "Sikiza. Hawa waja kwangu kukaa. Wakishakaa, waona haya kuondoka mikono mitupu, wakanunua. Basi, hiyo ndiyo biashara yangu."

Alikuwa amenipa somo zima la Biashara kwa maneno yasiyojaza kiganja. Nami nilikwenda nikaandika katika ripoti, kwenye ukurasa wa udhaifu: wateja hupoteza muda mwingi kwa mazungumzo.

Nilimsumbua wiki tatu. Nilimchorea mishale. Nilimwambia uani ni giza, na dunia imebadilika. Nilisema mambo ambayo mtoto hamwambii mama yake, nikayafunika kwa jina la Mwalimu ili yasionekane utovu wa adabu. Mwisho alikubali, na sababu aliyoitoa ndiyo inayoniuma mpaka leo. Hakusema nimemshawishi. Alisema, "Kama ndiyo masomo yako, haya, nikusaidie masomo yako."

Alichukua riziki yake akaifanya kazi ya nyumbani ya mtoto.

Akakaa kando ya barabara ipandayo kutoka feri, jiko mbele, mwavuli juu, amejifunika buibui mpaka yamebaki macho. Hakusema na mtu. Mimi nilisimama kando yake kupokea pesa na kufunga vibibi kwenye karatasi kabla ya kukimbilia shule. Na viliuzika! Wiki mbili za kwanza viliisha kabla hata jua halijakolea. Wanaume walikula wamesimama, tui likawachuruzika vidoleni, wakaondoka bila salamu kwenda kwenye feri. Mwalimu naye alipita asubuhi moja akitoka kivukoni. Akamwamkia Mama shikamoo, ingawa walikuwa wa rika moja, akala vibibi vitatu wima, akalipa bila kuuliza bei. Mama alimwitikia marahaba macho yakiwa chini.

"Unaona, Mkurugenzi?" akaniambia. "Sasa yupo."

Nilifurahi mpaka nikasahau kula. Sikujua kwamba asubuhi hizo hizo wanawake walikuwa wakipita kichochoroni, wakibisha mlango wetu, wakiukuta umefungwa. Hakuna hata mmoja aliyetufuata barabarani. Angekaa wapi, avue buibui lake mbele ya nani? Kwao ilikuwa kama Mama amehama bila kuaga. Wiki ya tatu, jirani wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, aliyekuwa akija kwetu kila siku, akabandika kikaango uani kwake. Simlaumu, wenzake walikuwa wamebaki hawana pa kukaa.

Ami yangu, mkubwa wa marehemu baba, alikuwa na shamba Mtongwe na mjini alikwenda kwa nadra. Ijumaa moja alishuka feri, kikapu mkononi, akapandisha njia akamwona mke wa marehemu nduguye amekaa juu ya kigoda katikati ya wanaume wanaotafuna. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisubiri wateja wapungue, akasogea, akasema kwa upole, "Shemeji, una njaa gani tusiyoijua?"

Mama aliteremsha kikaango jikoni na kibibi ndani yake hakijaiva, akamwaga maji kwenye makaa. Ami alitubebea mwavuli mpaka nyumbani. Jumapili akaleta gunia la muhogo, nalo lilikuwa gunia la kwanza na la mwisho.

Ripoti ilikuwa itolewe Jumatatu. Nilimwendea Mwalimu kabla ya kengele, alikuwa akipiga mistari kwenye karatasi ya alama.

"Mwalimu, ami yangu amemkataza Mama. Ameacha kuuza."

"Hicho ni kikwazo," akasema bila kuinua rula. "Kila biashara ina vikwazo. Ongeza mstari mmoja kwenye ukurasa wa vikwazo."

"Mstari mmoja, Mwalimu?"

"Mmoja watosha. Usiiharibu ripoti nzuri."

Basi nikaketi kwenye ngazi za ofisi nikaandika: baadhi ya jamaa hawajazoea mabadiliko. Huo ndio mstari. Wiki mbili za mauzo nilizoandika zilikuwa za kweli, kila tarakimu, na juu ya ukweli huo nikapata alama ishirini na tisa juu ya thelathini. Aliisoma ripoti mbele ya shule nzima. Niliitwa mbele, nikasema abee, nikatoka, nikapigiwa makofi. Nami, Mungu anisamehe, niliyapenda makofi yale.

Jumanne Mama alifungua mlango wa nyuma, akatandika mikeka, akawasha jiko. Walikuja wawili kwa kumhurumia, wakakaa kidogo, wakaondoka. Kwetu mtu hanyanyuki tu kwenye mkeka wa mwenzake akahamia wa mwengine. Ni tusi, tena tusi la kukumbukwa. Jirani alikuwa hajamkosea mtu, na Mama hakuwa mtu wa kwenda kumwomba awarudishe. Maji yalizidi unga. Ramadhani ilipofika, Mama alikuwa uani kwa jirani, amekaa kwenye kigoda, akikoroga unga wa vibibi vya mtu kwa ujira, na wale wanawake wakimwamkia vizuri na kumuuliza hali. Nilikuwa nimemtia mama yangu mchanga kitumbuani kwa mkono wangu mwenyewe, na kwa mwandiko mzuri.

Kidato cha nne sikukiona, ada haikupatikana. Januari iliyofuata Mwalimu naye akahamishiwa shule ya Changamwe. Mwezi mzima nilikuwa nikitazama njia. Nilijiambia kwamba atauliza, mtoto aliyemsifu mbele ya shule yuko wapi, na mtu atamwambia, na atakuja na mkoba wake wa kahawia. Hakuuliza. Au aliuliza akajibiwa kwamba nimeolewa, kama wasichana wote wanavyosemwa wameolewa, akaridhika. Sijui lipi baya zaidi.

Mama hakuniruhusu kumsema vibaya. Kila nikianza alinikata. "Mwalimu hakukusudia."

"Na mimi, Mama? Mimi nilikusudia?"

"Wewe ulikuwa mtoto," akasema, akaendelea na mchele wake. Hakujua kwamba jibu hilo lilinichoma kuliko kama angenipiga kofi.

Baadaye niliolewa kweli, nikahamia Magongo, nikapata kibarua kwenye ghala la majani ya chai Changamwe. Kazi yetu ilikuwa kushona magunia na kufagia vumbi la chai, jioni tukitema mate ya kahawia. Niliajiriwa. Kila siku ya kupokea ujira nilikumbuka kwamba mtu aliniambia nitaajiri, na nilikuwa nikizungumza naye moyoni, nikimpangia maneno. Miaka kumi niliyapanga. Niliyanoa, nikayafupisha, nikayahifadhi kwa siku ambayo ningekutana naye uso kwa uso.

Siku hiyo ilikuja mwishoni mwa miaka ya tisini, Jumamosi, katika ukumbi mmoja hapo Magongo. Jirani yangu alinivuta twende kwenye semina ya akina mama wanaotaka kuanzisha biashara. Palikuwa na soda na biskuti. Tulikuwa wanawake kama sitini kwenye viti vya plastiki, na mbele, kando ya ubao wa kukunjwa, akasimama yeye.

Alikuwa amekonda. Kola ya shati jeupe ilikuwa imegeuzwa ikashonwa upya, na mfukoni ilibaki kalamu moja. Nilisikia baadaye kwamba alistaafu kabla ya wakati, malipo yake akayatia kwenye lori la mchanga, lori likamfia, na sasa alikuwa akizunguka kwenye semina kwa posho ya siku. Lakini sauti ilikuwa ile ile. Alitwambia sote ni wakurugenzi, wanawake wakacheka, na ile mishale yake akaichora. Kisha akavua miwani, akasema anataka kutupa mfano wa kweli.

"Nilikuwa na mwanafunzi Likoni," akaanza. "Msichana. Mama yake mjane alikuwa amejificha uani na vibibi vyake, hakuna anayemjua. Msichana yule akamshika mkono akamtoa barabarani. Leo hii mama yule ana hoteli pale kivukoni. Ana wafanyakazi wanane. Mwaka juzi amekwenda Maka kuhiji."

Ukumbi mzima ukasema mashallah. Nami nilikaa pale, soda mkononi, nikamsikiliza mama yangu akihiji. Saa ile alikuwa Likoni, uani kwa watu, na mgongo ulikuwa umeanza kumuuma hata kuinuka kwenye kigoda ilibidi ashikwe mkono.

Sikudhani anadanganya. Nilimtazama sana usoni nitafute uongo, sikuuona. Aliisimulia hadithi ile miaka kumi, shule hadi shule, na kila mara iliongezeka kidogo, mpaka ikawa na hoteli, na yeye mwenyewe akaiamini. Mbegu yake nilikuwa nimempa mimi, mwandiko wangu, ukurasa wangu wa vikwazo wenye mstari mmoja.

Ndipo aliponiona. Alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. "Mungu mkubwa," akasema. "Si wewe? Simama, Mkurugenzi, simama! Akina mama, huyu ndiye. Huyu hapa!" Akaninyooshea mkono. "Waambie mwenyewe. Mimi wanaweza kunishuku, wewe hawatakushuku."

Nilisimama. Maneno yangu ya miaka kumi yalikuwa tayari, ningeweza kuyasema bila kuvuta pumzi. Nikamtazama. Nikaona kwamba kuku walikufa, friji iliungua, lori limelala mahali limeota kutu, na katika kazi yake yote ya kufundisha watu biashara, jambo moja tu lilimfanikia, nalo ni mimi. Nilimwonea huruma. Lakini niseme kweli, haikuwa huruma peke yake. Wanawake sitini walikuwa wamegeuza viti wakinitazama kama mtu wa maana, na tangu siku ile ya makofi ya shule hakuna aliyenitazama hivyo, kwenye ghala wala nyumbani.

"Ni kweli," nikasema. "Yote aliyoyasema Mwalimu ni kweli."

Wakapiga makofi. Mwalimu akageukia ubao kufuta machozi asionekane.

Nje, wanawake walikuwa wakitawanyika, mmoja akanishika mkono. Alikuwa bado kijana, buibui lake limefifia rangi, viganja vyake vinanukia iliki.

"Dada, mamako huko uani alikuwa na wateja?"

"Alikuwa nao."

"Mie nauza mikate ya sinia. Uani kwangu, hapo nyuma ya msikiti. Wanawake waja, wakaa, hawaondoki. Wakaa mpaka nachoka nao!" Akacheka, cheko la mtu anayependa watu wake bila kujua. "Baba watoto hayuko, wadogo ni watatu, wote wala hapo hapo kwenye sinia. Kila siku nasema nitoke, naogopa. Lakini leo nimekuona wewe. Jumatatu natoka barabarani, inshallah."

Hakuniachia mkono. Mwalimu alikuwa ndani akikusanya chupa za soda, hangesikia lolote. Hapakuwa na mtu mwengine karibu, na sikuwa na haraka ya kwenda popote.

"Niombee dua, dada," akasema.

Nikainua mikono yangu miwili, pale pale mlangoni, nikamwombea.